Muulize Mama Kinanda: Mwezi, mkataba na simu ukumbini

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu kuhusu Mitski, mwimbaji wa Marekani anayetunga nyimbo zake mwenyewe, nikasema anayetaka zaidi aniandikie. Mmeniandikia. Nimechukua barua sita. Zile zinazouliza kama ana mume au hana nimezirudisha kwenye bahasha. Hii ni safu ya muziki, na mimi ni mpiga kinanda, si mshenga.

Shikamoo Mama Kinanda. Niko kidato cha nne. Nilisikia kipande cha "My Love Mine All Mine" TikTok, nikautafuta wimbo mzima, na tangu siku hiyo sijapona. Huyu dada ni nani? Na ni nani aliyemuumiza hivyo?
*Msichana wa Likoni, Mombasa*

Marahaba mwanangu. Tuanze na nani, la kuumizwa litafuata.

Alizaliwa Septemba 27, 1990, mkoa wa Mie, Japani. Mama Mjapani, baba Mmarekani. Jina la kuzaliwa ni Mitsuki Laycock, ila dunia inamjua kama Mitski Miyawaki, na kwenye kava za albamu ni Mitski basi. Baba alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na watoto wa watumishi hao hukulia kwenye masanduku. Ameishi Uturuki, China, Malaysia, Jamhuri ya Cheki, Kongo na kwingineko. Lugha yake ya kwanza ni Kijapani. Nyumbani mama alikuwa akisikiliza pop ya Kijapani ya miaka ya 1970, ambayo kwa masikio yangu ina mageuzi ya chord, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, yasiyo na haraka ya kurudi nyumbani, na nadhani hapo ndipo mkono wa binti ulipojifunzia.

Wimbo wake wa kwanza aliutunga akiwa na miaka 18, kwenye piano, huko Uturuki. Miaka 18! Nalisema hili kwa sauti kwa sababu kila Jumamosi sebuleni kwangu Magomeni anakuja mzazi na mtoto wa miaka saba akiniuliza kama amechelewa.

Sasa wimbo wako. Umo kwenye albamu yake ya saba, *The Land Is Inhospitable and So Are We*, iliyotoka Septemba 15, 2023. Una dakika mbili na sekunde kidogo. Ndio wimbo wake wa kwanza kuingia Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, ukafika nafasi ya 26, na kwenye Spotify umeshasikilizwa zaidi ya mara bilioni moja. Hayo ni ya wenye biashara. Mimi nakuomba uusikilize tena, safari hii ukiwa na maneno mbele yako. Utaona hakuna mtu aliyeachwa humo ndani. Anasema hapa duniani hakuna kilicho chake ila mapenzi aliyo nayo, na anauomba mwezi uyatunze, ili siku akifa uyamulike kwa yule atakayebaki chini. Huo ni wasia, mwanangu. Unalia kwa sababu ya mwendo wake: ngoma taratibu, ogani nyuma, besi inayotembea kama mzee anayerudi kutoka swala ya alfajiri, gitaa la chuma la muziki wa kantri linaloteleza katikati ya mistari, na kwaya inayoingia kwa kunyata. Kwenye albamu hiyo alitumia okestra na kwaya ya watu 17. Na yeye mwenyewe hapazi sauti hata mara moja. Mwimbaji mwingine angepewa wimbo huo angeupigia kelele kwenye kiitikio cha mwisho, na wewe usingeukumbuka wiki ya pili.

Kwa hiyo swali la nani aliyemuumiza mimi sina hamu nalo. Huko kwao watu wamemwandama nalo tangu aanze, kana kwamba mwanamke akiimba huzuni basi kafungua shajara yake mezani na wewe unasoma. Amekwisha lalamika hadharani zaidi ya mara moja kwamba ile sifa ya "msichana wa huzuni" imemchosha. Chukua "Nobody" ya mwaka 2018. Ameeleza kwamba alikuwa Kuala Lumpur peke yake wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, kumefungwa kila mahali, hana wa kuongea naye. Sawa, hiyo ni huzuni ya kweli. Lakini huzuni hiyo inampata kila mtu aliye ugenini mwezi Desemba, na wengi hatukutoka na wimbo. Yeye alichukua neno moja, akalirudia hadi likageuka kuwa mdundo, akaliwekea ngoma ya disko, na kule mwishoni akaupandisha ufunguo, yaani sauti ambayo wimbo mzima umekalia, kisha akaupandisha tena, mpaka upweke wenyewe unachezeka. Pale alipoamua kupandisha ufunguo hakuwa analia. Alikuwa kazini.

Jambo mama. Tulisikia asema huyu mwimbaji alikalaka kwetu Congo wakati alikuwa mutoto. Ni kweli ao watu wanadanganya? Kama ni kweli, mbona haiko kitu ya rumba mu nyimbo yake?
*Mpiga gitaa, Lubumbashi*

Jambo ndugu yangu. Ni kweli, Kongo imo katika orodha ya nchi alizokaa kwa ajili ya kazi ya baba yake. Lakini nyumba ambazo mtu alipanga utotoni usizitafute zote kwenye gitaa lake.

Rumba nayo haimkai, na sababu iko kwenye saa. Rumba ya kwenu inataka nafasi: mwimbaji anasalimia, anasimulia, kisha gitaa la solo linashika usukani na sebene inaanza wakati wenye haraka wameshaondoka. Mitski ni kinyume kabisa. Albamu yake *Be the Cowboy* ina nyimbo 14 na yote inaisha ndani ya dakika 32 na ushei. Gawanya mwenyewe. Anaingia, anasema alilo nalo, anatoka, mara nyingi bila hata kurudia kiitikio. Wimbo wake mmoja ungeisha kabla mpiga solo wenu hajamaliza kutia nyuzi sauti. Mimi niliyezoea bendi za dansi mwanzoni nilikuwa nauona ni ubahili. Siku hizi nikimaliza kusikiliza nasikia kiu, na nadhani ndivyo alivyokusudia.

Mama Kinanda, mimi ni mama wa binti wa miaka 16. Anajifungia chumbani na nyimbo za huyu Mitski, nyingine maneno yake yanatisha. Nizifute kwenye simu yake?
*Mama mwenye wasiwasi, Morogoro*

Mama mwenzangu, usifute. Atazipata kwa jirani ndani ya dakika tano, na wewe utakuwa umepoteza mlango wa kuingilia.

Mwombe akuchagulie wimbo mmoja mkae mpige pamoja, akutafsirie maneno. Usihubiri. Sisi tulikua na nyimbo za kuachwa, za kusalitiwa, za mapenzi yanayoua, tukazisikiliza redioni usiku na asubuhi tukaenda kuchota maji. Binti wa umri huo anapenda kusikia mtu mwingine akisema lile ambalo yeye hajapata maneno yake, na Mitski ana kipaji hicho kuliko wengi wa rika lake.

Muziki wenyewe haunitishi. Lakini kama binti amepunguza kula, halali, ameacha marafiki, au anazungumzia kujidhuru, hilo si swali la safu hii. Nenda naye hospitali au kwa mshauri wa shule wiki hii hii, na nyimbo mwachie.

Shikamoo Mama. Nasoma mwaka wa pili chuo kikuu. Nina laptop, gitaa na nyimbo zangu thelathini. Nataka kuacha chuo niingie mzimamzima kwenye muziki. Mitski aliwezaje bila kampuni kubwa? Niige njia yake?
*Kijana wa Arusha*

Marahaba. Ukitaka kuiga njia yake, basi rudi darasani, kwa sababu njia yake ilipita huko.

Alianza kusoma mambo ya filamu katika chuo cha Hunter, New York. Hakuridhika, akahamia Purchase College, nje kidogo ya jiji, kwenye idara ya muziki, akasomea utunzi. Albamu yake ya kwanza, *Lush* ya mwaka 2012, ilikuwa kazi ya chuo. Ya pili, *Retired from Sad, New Career in Business* ya mwaka 2013, nayo kazi ya chuo, na humo kuna okestra ya wanafunzi wenzake. Hebu piga hesabu ya kukodi okestra hapa kwetu. Fedha hizo ni za kiwanja. Yeye aliipata kwa sababu alikuwa na kitambulisho cha mwanafunzi na alijua kuwaandikia noti. Albamu zote mbili alizitoa mwenyewe, hakuna aliyempigia simu.

Alipohitimu, okestra ikaisha. Hapa ndipo nampendea zaidi. Hakukaa kulilia vinanda na fidla, alishika gitaa la umeme. Albamu ya tatu, *Bury Me at Makeout Creek*, ilitoka mwaka 2014, na ukiisikia baada ya zile mbili utadhani ni mtu mwingine: gitaa limekwaruza, ngoma ziko mbele, sauti inapasuka pembeni. Nyimbo chini yake ni zilezile zenye akili. Iliyoitoa ni Double Double Whammy, lebo ndogo iliyoanzishwa na vijana waliosoma chuo hichohicho cha Purchase. Unaona chuo kilivyomfuata? Marafiki wa bwenini ndio waliokuwa "kampuni" yake.

Desemba 2015 akahamia Dead Oceans, lebo huru yenye makao Bloomington, jimbo la Indiana, na yuko nayo hadi leo. Huru, lakini ina watu wa kusambaza na wa kudai malipo. Mwaka 2016 akatoa *Puberty 2*. Vyombo vyote vya albamu ile wamepiga watu wawili tu, yeye na prodyuza wake Patrick Hyland, ambaye ameshikamana naye miaka yote hii. Vijana wengi wanabadilisha prodyuza kila singo wakitafuta mkono wenye bahati, halafu wanashangaa mbona nyimbo zao kumi hazifanani sura. Albamu ile ndiyo yenye "Your Best American Girl", wimbo unaoanza kwa kunong'ona na kulipuka magitaa katikati, kuhusu binti anayempenda kijana ambaye mama yake hataridhia jinsi binti huyo alivyolelewa. Miaka miwili baadaye, *Be the Cowboy*, jarida la Pitchfork likaiita albamu bora ya mwaka 2018. Mwaka huohuo alikuwa anamfungulia mwimbaji Lorde jukwaa, na mwaka 2022 akamfungulia Harry Styles kwenye viwanja vya mpira Uingereza. Kufungua jukwaa ni kuimba wakati watu bado wanatafuta viti na soda. Alikubali kazi hiyo akiwa tayari na jina, na mimi nawaambia wanafunzi wangu wasiidharau.

Umeona basi: kutoka wimbo wa kwanza hadi albamu bora ya mwaka ni miaka kama kumi. Baki chuoni, nyimbo thelathini zipunguze ziwe nane.

Na jambo la mkataba, maana hukuliuliza na ndilo litakalokuumiza. Mwaka 2019 Mitski alitangaza kwamba shoo ya Septemba, Central Park, New York, itakuwa ya mwisho kwa muda usiojulikana. Alikuwa amechoka. Baadaye aliwaeleza waandishi kwamba moyoni alikuwa ameacha kabisa, kisha akakumbuka bado anadaiwa albamu moja na lebo. Sisemi kwamba alionewa. Alisaini, na lebo ilikuwa na haki yake. Pia amesema mwenyewe kwamba muziki ulikuwa bado unamwita. Albamu hiyo ya deni, *Laurel Hell*, ilitoka Februari 2022 ikaingia nafasi ya tano kwenye chati ya albamu za Marekani. Wimbo uliotangulia, "Working for the Knife", unaeleza mtu aliyedhani akifika umri fulani kazi ya sanaa itakuwa imempa uhuru, akajikuta bado anakitumikia kisu kilekile. Usikilize na mkataba mkononi.

Mimi nilipiga kinanda kwenye bendi ambayo mkataba wake hatukuwahi kuuona kwa macho. Kuna wimbo wenye solo yangu mnaucheza kwenye maharusi hadi leo. Jina langu halimo popote, na mrabaha wake sijui unanuka namna gani. Kwa hiyo kabla hujaupeleka wimbo TikTok, usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Halafu uliza maswali matatu kabla ya kusaini chochote: albamu ngapi, miaka mingapi, na rekodi halisi inabaki ya nani.

Bi Mkubwa, nasikia huyu mwimbaji aliwakataza watu kurekodi kwa simu kwenye shoo yake. Mtu amelipa kiingilio chake, simu yake, betri yake. Kiburi hiki cha nini?
*Mlipa kiingilio, Temeke*

Tuseme kilichotokea, maana kimefika Temeke kikiwa kimenenepa. Hakukataza. Februari 2022, alipoanza ziara baada ya kimya kirefu, ujumbe wake mtandaoni uliomba watu wasirekodi nyimbo nzima au shoo nzima. Picha chache alisema hazina neno. Alieleza kwamba akitazama ukumbini na kuona vioo vya simu badala ya nyuso, anajisikia kama wao jukwaani wanachukuliwa na kuliwa, wakati alitaka washiriki pamoja. Baadhi ya mashabiki walikasirika. Wengine walijibu kwamba wana maradhi yanayowasahaulisha, na video ndiyo kumbukumbu yao pekee. Ujumbe ukafutwa. Yeye mwenyewe haendeshi kurasa zake, kazi hiyo amewaachia watu wa ofisi yake.

Wenye maradhi nawapa haki yao, warekodi. Wewe wa Temeke sikupi. Umewahi kwenda taarabu? Mtu akiguswa na ubeti anainuka, anacheza polepole hadi mbele, anamtunza mwimbaji noti mkononi, wanatazamana, pengine mwimbaji anamrudishia ubeti uleule. Mimi nimekaa nyuma ya kinanda nikaona ubeti ukirudiwa mara nne kwa ajili ya mama mmoja aliyevaa khanga mpya, na bendi nzima ikabadilika kwa sababu yake. Miaka hii anakuja na noti mkono mmoja na simu mkono mwingine, anajirekodi akitunza, macho yake yako kwenye kioo. Mwimbaji anapokea fedha lakini mtu hamwoni.

Na kwa Mitski kuna sababu ya ziada ambayo kwenye kipande cha sekunde 15 huioni. Tangu enzi za *Be the Cowboy* shoo zake zinapangwa miondoko toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na mpangaji wa dansi Monica Mirabile. Wamechota kwenye butoh, dansi ya Kijapani ya polepole ambamo mwili unajikunja na kusimama pale usipotarajia. Kwa ziara ya *Be the Cowboy* alikuwa na meza moja na kiti kimoja, akavitumia kama chumba, kama kitanda, kama ukingo wa kuanguka. Uso haubadiliki, viungo ndivyo vinavyosema. Ukimtazama kupitia kidude cha upana wa kiganja unaona mwanamke anapunga mkono. Kama umelipa, tazama ulicholipia.

Asalaam alaikum Mama. Niko Muscat, ni muuguzi, zamu zangu ni za usiku. Jina hili naliona kila mahali. Nianze na ipi? Usinipe orodha ndefu, nina dakika 30 za mapumziko.
*Muuguzi wa Muscat*

Waalaikum salaam mwanangu, na pole na zamu. Dakika 30 ni *Be the Cowboy* karibu yote, kwa hiyo Mungu amekwisha kukuchagulia. Anza na "Geyser", ogani ile ya mwanzo itakuamsha kuliko kahawa, usiruke wimbo wowote mpaka ufike "Nobody", na ile ya mwisho, "Two Slow Dancers", isikilize hata kama umechelewa dakika moja. Ni watu wawili wamerudi kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wamekua, wanacheza taratibu.

Usiku wa pili sikiliza *The Land Is Inhospitable and So Are We*. *Puberty 2* iweke siku ya mapumziko, ina kelele, wagonjwa watalalamika. *Laurel Hell* wengi wanaipenda kwa vinanda vyake vya miaka ya 1980. Mimi naiona ina baridi kidogo, ila "Working for the Knife" isikupite. Utasikia pia watu wakimtaja kwa wimbo wa filamu *Everything Everywhere All at Once*, alioimba na bendi ya Son Lux na mwimbaji David Byrne, uliofika kwenye wagombea wa Oscar mwaka 2023. Ni mzuri, lakini huo ni wimbo wa kundi, hutamjua kwa huo.

Zile mbili za chuoni ziache mpaka upate spika. Kuna fidla, kuna piano ya chini kabisa, na kwenye spika ya simu vyote hivyo vinasikika kama mbu.